Waya Chini ya Maharage

Beni, 19 Agosti 2024

Gracien mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu umekuwa bwana wa “allô, allô, réseau iko mubaya” kila ninapofika pale pasipokupendeza. Karatasi haina réseau ya kukatika. Utaisoma mpaka chini, na ukiichana nitajua, maana nimemwomba Sadrack asimame mlangoni mpaka umalize.

Ni huyo huyo Sadrack, dereva wetu, aliyenieleza alichokiona alipokuletea magunia ya pumba. Anasema waya unatoka dirishani mwa jikoni, unalala juu ya nyasi, unateremka kiwanja chote mpaka kwenye kidimbwi cha samaki, na njiani umeungwa hapa na pale kwa mifuko ya sukari iliyofungwa kwa uzi. Mifuko ya sukari, Gracien. Dada yako anauza na kufunga vifaa vya umeme hapa Beni, watu wa kakao wanatoka mashambani kuja kumuuliza namna ya kufunga taa, na wewe mtoto wa tumbo moja naye unapeleka umeme majini kwa mifuko ya sukari. Nimeona aibu mbele ya dereva.

Najua kwa nini unautaka. Jirani wa juu amejenga, kijito kimepungua, samaki wanapanda juu asubuhi kutafuta hewa. Pompi inahitajika, sikatai. Lakini ni nani anayeingiza mikono katika maji hayo kila siku? Si wewe. Ni Mama. Asubuhi anawalisha samaki kwa kiganja, jioni ananawia miguu pale pale. Umeme ukitoka kwenye waya uliochubuka ukaingia majini, hauna rangi wala harufu. Mtu anaujua kwa kuanguka.

Nimempa Sadrack boksi. Ndani kuna waya mgumu wa kufukiwa ardhini, mabomba ya plastiki ya kuupitisha, na kifaa kinachoitwa différentiel. Hicho kifunge ukutani ndani ya nyumba, kabla waya haujatoka nje. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ukirudi pungufu, maana yake mwingine umepita pengine, kwenye maji au katika mwili wa mtu, nacho kinakata papo hapo. Chimba mtaro wenye kina cha kufika magotini. Tandika mchanga, laza bomba, panga matofali juu yake, halafu fukia, ili jembe likutane na tofali kabla ya kukutana na waya. Kisha umwonyeshe kila mtu wa nyumbani mahali mtaro unapopita.

Usipofanya hivyo, nitakuja mwenyewe nikate waya huo mbele ya majirani zako.

Dada yako,
Solange


Butembo, 2 Septemba 2024

Yaya Solange,

Nimeisoma, dada mkubwa, Sadrack akiwa amesimama mlangoni kama polisi wa barabarani. Asante kwa boksi. Matusi nimeyaweka kando, nitayatumia siku nyingine.

Sadrack ni dereva, mwambie aangalie barabara. Na wewe uko kwenye joto lako huko Beni. Mimi ndiye niko hapa na Mama tangu alipokimbia vita kule Vuhovi, mimi ndiye ninayemtafutia dawa ya mgongo, mimi ndiye ninayeamka na kukuta samaki wanapiga midomo juu ya maji kama watoto wanaosubiri uji. Kila mtu wa ukoo huu ana maneno juu ya kidimbwi changu, lakini siku ya kukichimba sikuona jembe la mtu.

Hata hivyo nimekutii, ili upate usingizi. Waya umefukiwa. Nilichimba jana Jumapili, Mama na mke wangu Élise wakiwa misani na avenue nzima ikiwa tupu. Saa hiyo niliichagua kwa makusudi. Umeusahau mji huu, yaya. Wezi wa nyaya hapa wanang’oa shaba ardhini kama watu wanaovuna viazi vitamu. Wakiona matofali yamepangwa mstari, watajua kilicho chini yake. Kwa hiyo sikuweka matofali. Bomba nalo nimelifungia maji ya mvua ya paa. Waya wako ulipungua kidogo kufika majini, nikauunga na ule wa zamani, nikaufunga vizuri na plastiki, nikafukia, nikasawazisha udongo, nikamwaga majani makavu juu. Hakuna anayejua unapopita, si Élise, si Mama. Kina kinatosha. Différentiel iko ukutani kama ulivyoagiza.

Sasa tuache samaki wapumue.

Mdogo wako,
Gracien


Beni, 9 Septemba 2024

Gracien,

“Kinatosha” si kipimo. Nilikuandikia magoti, ukanijibu kama mtu anayeonja chumvi.

Tena unaniambia kwa fahari kwamba umeunga waya mpya na ule mzee, na kiungo umekizika ardhini karibu na maji. Kiungo hakizikwi, ndugu yangu. Plastiki ya mfuko haizuii maji, inayakaribisha na kuyafungia ndani. Fukua hapo upesi. Niambie umepungua kiasi gani, nitakutumia waya mwingine mzima.

Na hilo la kumficha Mama limenitoa machozi ya hasira. Wezi nawajua, hata hapa wapo. Lakini wezi hawaishi katika kiwanja hicho, Mama ndiye anayeishi humo. Mtembeze juu ya mtaro huo leo, toka jikoni mpaka majini, umwambie: Mama, ni hapa. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nijibu swali moja tu: umemwonyesha au hujamwonyesha?

Solange


Butembo, 18 Septemba 2024

Yaya,

Nijibu na mimi moja: vifaa hivi vibovu unawauzia watu wote, au umewawekea ndugu peke yao?

Différentiel yako inakata. Mvua ikinyesha, inakata. Ninairudisha, inakata tena. Wiki nzima pompi imesimama na samaki wadogo wamekufa, mimi nikikimbia kati ya ukuta na kidimbwi kama mjinga. Nilimwita fundi wa frigo, yule anayetengeneza majokofu sokoni. Aliiangalia akacheka: “Mukubwa, hii iko feki. Tuipitishe pembeni tu, utalala muzuri.” Akapitisha waya pembeni, umeme hauingii tena ndani yake. Tangu hapo hakuna kinachokata, mvua inyeshe inavyotaka. Kifaa chako kimebaki ukutani kama picha ya askofu.

Kuhusu Mama, ndiyo, sijamwonyesha, na sitamwonyesha. Mgongo unamuuma, mashamba yake yote yamebaki Vuhovi, usingizi wake ni wa kuokotaokota. Unataka nimwambie kwamba chini ya miguu yake kuna umeme, akose hata huo? Ninamlinda kwa namna yangu. Tangu alipofika nimemwambia kiwanja cha mjini si shamba, apumzike. Hana sababu ya kugusa udongo ule.

Kesho ninapanda Lubero kununua viazi na nitakaa huko siku nyingi. Usijisumbue kunipigia, kule vilimani simu haishiki.

Gracien


Butembo, 29 Septemba 2024

Solange binti yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Gari la Sadrack limekaa gereji wiki nzima na barua ya ndugu yako bado iko naye, amesema yangu ataibeba pamoja nayo. Kalamu nimeazima kwa Bénite wa upande wa pili wa ukuta, na nimeazima kwa siri, maana hapa kila nikishika kitu naambiwa nipumzike.

Nipumzike, nipumzike. Aliyekufa ndiye anayepumzika. Ndugu yako ametandaza simenti mlangoni, ametandaza simenti uani, na palipobaki bila simenti anasema ni pa magari ya viazi. Nilipomwomba kipande cha kupanda mboga alinijibu: “Mama, huku ni ville, batu bakituona tunalima mu kiwanja, batatucheka.” Nilijifunza kulima kabla sijajifunza kusali. Hakuna aliyenicheka Vuhovi, walikuwa wanakuja kuniomba mbegu. Mwanangu mwenyewe ndiye anayeona aibu ya jembe lililomsomesha.

Lakini Mungu hamwachi mtu wake. Siku moja niliona, toka nyuma ya jikoni mpaka kwa samaki, kipande chembamba cha udongo laini, kimenyooka, kimefunikwa majani makavu. Nani amekichimba sijui, nikafikiri ni fuko. Udongo uliochimbwa haukai bure. Angekuwa hai mama yangu angenichapa kwa kuupita tu. Gracien alipotoka kwenda Lubero nilipanda maharage yale yanayopanda mitini, mstari mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Yameota, Solange. Nikiamka ninakwenda kuyaangalia kabla sijaangalia uso wangu.

Usimwambie ndugu yako. Akirudi atakuta majani na atanuna, mwache anune. Jumamosi nitapalilia na kuchimba kwenda chini kidogo, maana chini ya ule udongo laini kuna kitu kama mzizi kinachokimbia mstari wote na kuzuia jembe. Nataka nikikate, maharage yapate kushuka.

Mgongo unauma kidogo kuliko zamani. Ni jembe linaloutibu, lakini hilo nalo usimwambie.

Mama yako,
Godelive


Beni, Ijumaa 4 Oktoba 2024

Élise wifi yangu,

Sadrack amenipa leo jioni barua ya mumeo na barua ya Mama kwa pamoja. Simu yako haipatikani, ya Gracien haipatikani. Wananiambia Butembo nzima haina umeme tangu jana na simu zenu zimezimika. Kama ningekuwa na mabawa nisingeandika. Magari yamezuiwa kutoka Beni mpaka kesho, hii inaondoka na pikipiki ya kwanza ya alfajiri.

Sikiliza. Mume wako amezika waya wa umeme toka jikoni mpaka kidimbwini na hakumwambia mtu. Mama amepanda maharage juu yake na kesho anataka kuukata kwa jembe, akidhani ni mzizi. Umeme ukirudi wakati huo, tutamzika.

Toa fyuzi ya jikoni sasa hivi. Kisha mnyang’anye jembe, hata akikutukana. Namtafuta mtu wa avenue yenu mwenye simu iliyo hai. Nitampigia mpaka apokee.

Solange


Butembo, 8 Oktoba 2024

Yaya Solange,

Nimerudi na viazi vyangu nimekuta kidimbwi cheupe. Matumbo ya samaki, yaya, toka ukingo huu mpaka ule. Wale wakubwa niliowaweka kwa ajili ya Noeli, wale wenye mayai mdomoni, wote. Majirani walikuwa wanasimama ukutani kuangalia kama kwenye kilio.

Élise amenieleza. Jumamosi yeye alikuwa sokoni, barua yako haijafika, umeme bado haujarudi. Mama akaukata waya kwa jembe. Badala ya kuuacha, akauvuta, akaona unafaa kufungia miti ya maharage yake, akatumbukiza ncha majini ili udongo utoke. Hapo Bénite akamwita kwa ajili ya simu yako, akaenda. Umeme ukarudi akiwa huko.

Sasa niambie ni nani aliyeua samaki wangu. Nilisema kiwanja si shamba. Nilisema apumzike. Nimefanya kazi mwaka mzima, na jembe la mtu asiyetaka kusikia limemaliza kila kitu asubuhi moja. Na wewe ulijua habari ya maharage hayo ukaninyamazia mpaka mwisho, basi mko wawili.

Sikumgombeza Mama. Naomba uhesabu hilo. Nimefukua mahali palipokatika, nimeunga waya upya kwa scotch nzito, ule utepe wa fundi, nimefukia. Maharage nimeyang’oa. Wiki hii naleta vifaranga vingine vya samaki. Kila kitu kiko sawa, usije.

Gracien


Beni, 10 Oktoba 2024

Gracien,

Barua yako imejaa samaki toka juu mpaka chini. Mama ameingia mara moja tu, naye ameingia kama mwenye kosa.

Habari ya maharage niliipata Ijumaa jioni, na tangu Ijumaa jioni sikuketi. Wewe habari ya waya ulikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Kifaa changu hakikuwa kibovu. Kilikata kila mvua iliponyesha kwa sababu mvua iliingia katika kiungo chako na umeme ukawa unavuja ardhini, pale pale Mama anapokanyaga bila viatu. Kilikuwa kinakwambia hivyo wiki nzima, na wewe ukaleta mtu wa frigo akizibe mdomo. Kingekuwa kinapitisha umeme siku ile, umeme uliporudi kingekata mara moja, na samaki wako wangekuwa hai wanakusubiri na pumba yako.

Unajua nilichosikia mimi kwenye simu? Nilimsikia Bénite akishangilia umeme: “Eh, courant njo inarudi.” Kisha nikamsikia Mama: “Basi niache niende kuosha jembe yangu mu mayi, nitarudi kusikiliza.” Nilipiga kelele mpaka wateja wakatoka dukani. Bénite alimshika kitenge, ndiyo maana leo unaniandikia habari za samaki.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 19. Mpaka nifike, usiwashe chochote kinachoteremka majini.

Solange


Butembo, 13 Oktoba 2024

Solange,

Barua zako kwa ndugu yako nimezisoma, zote, na aliyokujibu amenieleza mwenyewe. Élise alizitoa kabatini na kunipa, nikakaa jua lote la asubuhi na miwani yangu. Mmeniandika humo kama mbuzi ambaye watu wanajadiliana pa kumfunga kamba. Mama anaosha miguu, Mama anaumwa mgongo, Mama asiambiwe, Mama aambiwe.

Gracien nimeshamwambia yake ana kwa ana, na sikuchagua maneno. Nimemwambia aliuficha waya kwa wezi akaishia kuuficha kwa mama yake. Wezi hawalimi. Katika nyumba hii anayelima ni mimi, na kila mtu aliyenizaa na niliyemzaa analijua hilo. Anaponiambia nisilime, ni kama kumwambia kuku asichakure. Alitakiwa kujua kwamba udongo akiulainisha tu, nitaukuta. Na maharage ameyang’oa mwenyewe, machanga, bila kuniuliza. Hilo limeniuma kuliko yote na sitajifanya halikuniuma.

Lakini wewe pia, binti yangu. Uliandika “mwambie Mama”, ukaandika tena “mwonyeshe Mama”. Kalamu ulikuwa nayo mkononi na dereva ni yule yule. Ninajua kusoma. Masista wa Lubero walinifundisha, nami nikakufundisha wewe. Kwa nini hukuniandikia mimi? Ungeniandikia mistari miwili tu, Mama, pale pana umeme, ningepalilia kwingine. Uligombana na ndugu yako juu ya kichwa changu na mimi nikiwa chini yenu na jembe.

Sasa sikia ya leo. Tulipotoka misani Gracien aliniita kidimbwini. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusamehewa haraka. Amemwaga vifaranga vipya, ameunga waya, pompi inazunguka, maji yanaruka. Uliandika asiwashe, naye amewasha. Akaniambia: “Mama, iko bien sasa. Hapana ogopa tena. Unaweza kuwalisha kama zamani.”

Nikamwambia: “Kama iko bien, tia mukono yako mu mayi, nione.”

Akacheka kidogo. Akakunja shati mpaka kiwikoni, akachuchumaa, akayaangalia maji. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kile kikapu cha pumba. Halafu akasimama, hakunitazama, akasema: “Ngoya kwanza, Mama, nizimishe courant.”

Nilimfuata mpaka jikoni, akatoa fyuzi, nikamnyooshea mkono akanipa. Nimeifunga kwenye ncha ya kitenge changu, na itakaa hapo mpaka uje. Lete mabomba na waya mzima. Mtachimba mchana, watu wote wa avenue wakiangalia, na mimi nitasimama juu ya mtaro kuupima kwa magoti yangu mwenyewe.

Mama yako,
Godelive